Kipande cha Nne

Saa kumi na moja alfajiri gari la barafu
lilinishushia vipande sita hapa Feri,
kila kimoja kimo cha mtoto wa chekechea,
vyeupe, vinafuka kama uji.
Nikahesabu, nikatia sahihi kwa Chaurembo,
dereva asiyezima injini hata akinywa chai.

Kisha likaja fuso la mkaa wa Kisarawe,
likarudi nyuma kwa fujo,
gunia moja likapasuka.
Vumbi likatua juu ya kipande cha nne.
Si vumbi jingi. Kama wanja uliokosewa.
Nikasema nitakiosha.
Sikukiosha: kulikuwa na vibua wa ndoo,
kulikuwa na jodari wa hoteli,
kulikuwa na mama mmoja wa Tandika
na chenji yake ya tangu juzi.

Saa nne jua lilipovuka paa la soko
vipande vitano vilikuwa bado vinabishana nalo,
vinalirudishia mwanga wake
hadi nikafinya macho.
Cha nne kilikuwa kimeshakubali.
Kila chembe ya mkaa imejichimbia kishimo,
imekaa humo na maji yake,
kama mpangaji aliyehamia na jiko.

Nikapiga picha, nikamtumia Sikudhani,
mtoto wa dada yangu, anayesomea barafu
pale Mlimani, katika mji huu
ambamo theluji hufika kwa kalenda tu.
Huwa namtania: barafu iko kwangu, njoo na ndoo.
Safari hii hakucheka.
Alinijibu kwa sauti, dakika nne na ushei:

Mjomba, hapo umeiona Grinlandi.
Theluji mpya, jua likija na mia
huondoka na themanini na kitu.
Ikianza kulainika, punje zake hunenepa,
nuru huzama badala ya kuruka.
Halafu masizi. Halafu moshi wa misitu ya watu.
Halafu mwani, mjomba, mdogo kuliko vumbi,
una rangi ya zambarau iliyoiva,
unaota juu ya barafu
kwa kuwa sasa umepata maji ya kunywa.
Weusi huyeyusha, na kuyeyuka huleta weusi.
Ni deni la kausha damu:
riba inazaa, na mtoto wa riba anazaa.

Nikamuuliza, huko ni mbali,
sisi wa Feri tunadaiwaje?
Akasema barafu ile ina uzito,
huivuta bahari ijikusanye miguuni pake
kama tajiri na watu wa barazani kwake.
Akifilisika, watu hutawanyika.
Pwani iliyo jirani naye, maji hupungua.
Wa mbali ndio wanaopelekewa.

Pale tunapooshea samaki pana ngazi.
Nilipoanza kazi nilizihesabu saba, maji yakitoka.
Leo nimehesabu sita na kivuli.
Sitaki kusema kitu. Mimi si mpimaji,
na zege nalo hutitia,
na mwaka ule nilikuwa na macho mazuri.

Nikachukua kata, nikakimwagia kipande maji ya bomba.
Masizi yaliondoka.
Yaliondoka na barafu.
Kilichobaki nikakifunika kiroba cheupe cha unga,
mama wa Tandika akakitaka kwa nusu bei,
nikampa na chenji yake.

Jioni, kwenye daftari, upande wa hasara,
niliandika: kipande cha nne, robo tatu.
Sababu:
Kalamu ikasimama hapo.
Ningeandika mkaa, lakini chai niliyokuwa nakunywa
ilichemka juu ya mkaa uleule,
nilizoa mwenyewe uliomwagika, bure, nikashukuru.
Nikaandika tarehe.
Chini ya meza mfereji ulikuwa unapeleka maji,
meusi kidogo, bila haraka,
kule kwenye ngazi.